Baada ya Mahema Kung'olewa

Hotuba kwa waandaaji wa mikusanyiko ya kuelimisha jamii kuhusu demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Tumeiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Ndugu zangu wauguzi, ndugu zangu mnaojitolea, ninyi mnaouguza wazazi na wenzi wenu majumbani, na ninyi mnaoishi na demensia mliokubali kukaa nasi leo: karibuni sana, na asanteni kwa kuja.

Nianze kwa swali. Mkusanyiko umekwisha, mahema yameng'olewa, viti vimerudishwa, spika zimezimwa. Yule mama aliyesimama nyuma kabisa, ambaye nyumbani ana mume anayemuuliza swali lile lile mara kumi kabla ya jua kupanda, ameondoka na nini mkononi? Fulana? Kipeperushi? Au ameondoka akijua amwone nani, siku gani, saa ngapi?

Tumezoea kuhesabu waliohudhuria. Tunapiga picha umati, tunaandika ripoti, tunapongezana. Lakini je, umati ulielewa? Na ukielewa, ukafanya nini? Leo naomba tuupime mkusanyiko kwa kesho yake. Kila kitu mnachopanga, kuanzia neno la kwanza kwenye bango hadi kiti cha mwisho mlangoni, kiulizwe swali moja: kitamsaidiaje mtu huyu kesho?

Tuanze na tunachowaambia watu.

Mwaka 1901, jijini Frankfurt, Ujerumani, mwanamke aitwaye Auguste Deter alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili. Daktari aliyemhoji, Alois Alzheimer, aliandika maswali na majibu yake. Jina lako nani? Auguste. Mumeo anaitwa nani? Auguste. Alipoombwa aandike jina lake hakuweza kulimaliza, na akasema maneno yanayosomwa hadi leo: nimejipoteza. Alifariki mwaka 1906. Novemba mwaka huo huo, Alzheimer aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen alichokiona kwa hadubini ndani ya ubongo wake: uchafu ulioganda baina ya seli na seli, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli zenyewe.

Alipolazwa, Auguste Deter alikuwa na umri gani? Miaka 51. Mgonjwa ambaye kwake dunia iliujua ugonjwa wa Alzheimer, chanzo kikubwa cha demensia, hakuwa bibi kizee. Hata hivyo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, bado tunasema "ni uzee tu." Shirika la Alzheimer's Disease International liliwauliza watu wa nchi nyingi mwaka 2019: je, demensia ni sehemu ya kawaida ya kuzeeka? Wawili kati ya watatu walisema ndiyo. Likauliza tena mwaka 2024. Safari hii waliosema ndiyo walifika wanne kati ya watano. Miaka mitano ya kampeni, na imani potofu imepanda badala ya kushuka! Na msidhani ni watu wa kawaida peke yao: miongoni mwa watoa huduma za afya na matunzo, 65 kati ya kila 100 walijibu hivyo hivyo.

Kwa nini hili ni jambo kubwa? Kwa sababu anayeamini ni uzee tu haendi hospitali. Uzee hauna dawa, ataendea nini?

Kwa hiyo siku ya mkusanyiko wenu, chagueni mambo matatu tu ya kusema, na kila msemaji ayarudie. Demensia husababishwa na magonjwa ya ubongo. Si kila mzee huipata, na wapo wasio wazee wanaoipata. Lipo la kufanya. Basi. Msiongeze la nne. Tumeona mikusanyiko ambayo daktari alisimama akafundisha aina zote, Alzheimer, demensia ya mishipa ya damu, ya Lewy, ya sehemu ya mbele ya ubongo, na watu wakatoka wakiwa na majina mapya manne na hofu ile ile ya zamani. Majina hayo ni ya chumba cha daktari. Uwanjani waambieni kwamba demensia ni jina la kundi la dalili, kwamba Alzheimer ndiyo chanzo cha visa vingi, kati ya 60 na 70 katika kila 100, kisha endeleeni mbele.

Watakachowauliza kwa hakika ni hiki: nitajuaje kama ni usahaulifu wa kawaida? Muwe na mifano, tena mifano ya vitendo. Mtu kusahau jina la jirani kisha likamjia jioni, hilo hutupata sote. Kusahau mazungumzo yote ya asubuhi, akaulizia jambo lile lile kana kwamba halikuwahi kuzungumzwa, hilo ni jingine. Kupotea mji mgeni ni kawaida. Kupotea njia uliyoipita miaka thelathini si kawaida. Kukosea hesabu mara moja ni kawaida. Mtu aliyekuwa akishika fedha za nyumba akianza kulipa deni moja mara mbili, au akishindwa kufuata hatua za kazi aliyoifanya maisha yake yote, hapo pana jambo. Na msisahau tabia. Kwa wengine kumbukumbu haiwi ya kwanza kuondoka. Kinachotangulia ni upole kugeuka ukali, au mtu mwenye staha kuanza kusema yasiyosemwa mbele za watu.

Kisha semeni hili polepole, kwa sababu ndilo linalowatoa watu nyumbani: si kila anayesahau ana demensia. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kwa uvivu, upungufu wa vitamini B12, sonona, baadhi ya dawa za usingizi na za mzio, damu iliyovuja taratibu ndani ya fuvu baada ya kuanguka: yote haya huweza kuvaa sura ya demensia, na mengi yake hutibika. Na mtu akichanganyikiwa ghafla, kwa saa chache au siku mbili tatu, msiseme demensia imezidi. Mara nyingi ni maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo, ndugu zangu.

Sasa tuje kwenye maneno.

Hadi mwaka 2004, neno la kawaida la demensia nchini Japani lilibeba maana ya upumbavu. Serikali iliunda jopo, jopo likakuta kwamba neno lenyewe lilikuwa likiwafanya watu waone aibu kwenda kupimwa. Desemba mwaka huo neno likabadilishwa, likawekwa jingine lenye maana ya ugonjwa wa utambuzi. Wajapani hawakuishia hapo. Mwaka 2005 walianza kufundisha raia wa kawaida, wanafunzi, makarani wa benki, wauzaji madukani, kwa somo la takriban saa moja na nusu, na kila aliyemaliza alipewa bangili ya rangi ya chungwa. Waliofundishwa wamezidi milioni 10. Uingereza ilijifunza kutoka kwao, ikaanzisha mpango wake wa Dementia Friends, yaani Marafiki wa Demensia, mwaka 2013.

Je, sisi tunasemaje kwa Kiswahili? Tunasema "amerudi utotoni." Linasikika kama neno la huruma, lakini tazameni linafanya nini. Mtoto haulizwi kuhusu fedha zake, wala haulizwi angependa kulala wapi. Ukishamwita mtu mzima mtoto, umeshamnyang'anya kauli kabla ugonjwa haujamnyang'anya. Tunasema "akili zimemruka," kana kwamba hakubaki mtu ndani. Magazeti nayo yanapenda "wahanga wa demensia." Semeni: mtu mwenye demensia, mtu anayeishi na demensia. Lile la kwanza kabisa ni mtu.

Hili la maneno linagusa pia maigizo. Igizo ni chombo kizuri, pengine kizuri kuliko hotuba kama hii yangu. Lakini liangalieni kabla ya siku yenyewe, mwanzo hadi mwisho, mkiwa na mtu mmoja anayeuguza. Kosa linalojirudia ni kwamba mwigizaji wa mzee anayesahau ndiye anayechekesha. Anavaa nguo kinyume, watu wanaangua kicheko, na pale nyuma kuna binti ambaye asubuhi hiyo amemvalisha baba yake. Binti huyo hatarudi. Geuzeni igizo: kosa liwe la wanaomzunguka mzee, wanaomsahihisha, wanaomkaripia, wanaozungumza juu yake kana kwamba hayupo. Kisha rudieni onyesho lile lile, safari hii wakimtendea vizuri, ili mtazamaji aone tofauti kwa macho yake. Dakika tano kwa kila onyesho zinatosha.

Na sasa, nani azungumze? Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1995 huko Australia, Christine Bryden, mwanasayansi aliyekuwa na cheo kikubwa serikalini, aliambiwa ana demensia. Alikuwa na miaka 46. Baadaye alianza kuhutubia mikutano, na mwaka 2003 akawa mtu wa kwanza mwenye demensia kuchaguliwa katika bodi ya Alzheimer's Disease International. Na unajua alikutana na nini? Wapo waliotilia shaka kama kweli anaumwa, kwa sababu tu aliweza kusimama na kuzungumza. Fikirini jambo hilo. Picha tuliyo nayo vichwani ni ya hatua ya mwisho ya ugonjwa, mtu kitandani, kimya. Anayekuja na hatua za mwanzo tunamwona mwongo.

Picha hiyo haiondolewi na daktari, wala na mgeni rasmi. Inaondolewa na mtu mwenye demensia akisema, "Mimi ninayo, na hivi ndivyo ninavyoishi." Kwa hiyo mkutano wa kwanza wa maandalizi uwe nao, wiki nane kabla. Msiwaalike wiki ya mwisho kuja kutoa ushuhuda. Wawepo mnapochagua tarehe, saa na ukumbi, maana watawaambia mambo ambayo hakuna kitabu kitawaambia.

Akikubali kuzungumza jukwaani, tayarisheni hivi. Afanyiwe mahojiano badala ya kuachwa na hotuba ndefu: mtu anayemfahamu akae kando yake, aulize, yeye ajibu. Maswali manne au matano, na apewe wiki moja kabla. Muda uwe dakika kumi, kumi na tano zikizidi sana. Akipenda kuwa na maandishi, yachapwe kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba kubwa chini, kwa sababu karatasi zikichanganyika jukwaani hofu humjaa na maneno yote hutoweka. Kubalianeni ishara ya kusimamisha, labda kuweka mkono juu ya meza, na anayehoji aiheshimu papo hapo. Akinyamaza katikati ya sentensi, msimmalizie. Hesabuni kimya kimya hadi kumi. Mara nyingi neno linakuja kwenye saba au nane, na sisi tumezoea kukatiza kwenye mbili.

Msimuulize "unanikumbuka?" Kamwe, wala jukwaani wala mlangoni. Huo ni mtihani uliojificha ndani ya salamu. Jitajeni: "Shikamoo mzee, mimi ni fulani, tulikutana wiki iliyopita."

Na idhini. Ridhaa ya mtu mwenye demensia haichukuliwi mara moja ikafungiwa kabatini. Muulize mnapopanga, muulize asubuhi ya siku yenyewe, muulize tena dakika chache kabla ya kupanda jukwaani. Akisema hapana, ni hapana, hata kama bango lina jina lake. Picha ni vivyo hivyo: ridhaa ya kuzungumza si ridhaa ya kupigwa picha, na ridhaa ya kupigwa picha si ridhaa ya kuisambaza kwenye simu za watu. Na yule ambaye ugonjwa umemfikisha mahali hawezi tena kuelewa anachoulizwa, msimpige picha ya kampeni. Mtu hafanywi bango.

Tukija kwenye mahali, mniwie radhi, nitaingia katika vitu vidogo sana, kwa sababu demensia huishi katika vitu vidogo.

Saa. Chagueni asubuhi, saa 4 hadi saa 5 na nusu. Watu wengi wenye demensia huzidiwa na wasiwasi kuanzia alasiri kuelekea machweo, na mikusanyiko yetu hupenda kuchelewa hadi muda huo huo. Mgeni rasmi akichelewa, anzeni bila yeye. Nasema kwa heshima zote, anzeni.

Sauti. Mtu mmoja azungumze kwa wakati mmoja, na muziki usipigwe chini ya maneno. Ubongo wenye demensia hushindwa kuchuja; maneno na ngoma huingia pamoja vikawa kelele tupu. Spika zisielekezwe kwenye viti vya mbele. Pawe na chumba tulivu karibu, chenye viti viwili vitatu na mtu mmoja mpole, na njia ya kwenda huko ioneshwe tangu mwanzo.

Sakafu. Kapeti jeusi mlangoni huonekana kama shimo. Sakafu inayong'aa huonekana kama maji. Mistari mipana huonekana kama ngazi. Mmemwona mtu aliyegoma kuingia ukumbini, wenziwe wakamvuta mkono wakisema ana ukaidi? Haukuwa ukaidi. Aliona shimo. Ondoeni kapeti.

Vibao. Neno na picha pamoja, herufi nyeusi juu ya rangi nyepesi, kwenye usawa wa macho au chini yake kidogo, kwa sababu wazee wengi hutembea wakitazama chini. Kibao cha choo kibandikwe juu ya mlango wenyewe, kisining'inizwe ukutani pembeni. Viti viwe na mikono ya kushikia wakati wa kuinuka.

Mlango. Wekeni wapokeaji wawili wa kuingia, na mmoja wa kutoka ambaye hana kazi nyingine yoyote. Huyu wa kutoka ndiye husahaulika. Mtu akiondoka peke yake, amfuate kwa salamu, atembee naye, azungumze naye, asimzuie kwa mikono. Na kama mnatumia vitambulisho vya majina, kila mtu avae, mgeni rasmi na mpishi pia, ili kitambulisho kisiwe alama ya mgonjwa.

Kwa mpangilio wa muda, mfano ninaoupenda ni wa Uholanzi. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Bère Miesen alianzisha mjini Leiden mkutano alioupa jina Alzheimer Café. Wenye demensia, wanaowauguza na wataalamu walikaa pamoja kama watu wanaokunywa kinywaji, bila koti jeupe. Jioni yake aliigawa katika nusu saa tano: kukaribishana, mazungumzo mafupi ya mtaalamu au mahojiano, mapumziko yenye muziki, maswali, kisha kukaa tu na kuzungumza. Tazameni uwiano huo. Maneno ya mtaalamu ni nusu saa moja katika tano! Sisi huwa tunageuza: hotuba nne, maswali mawili, kwaherini. Ile nusu saa ya mwisho, ya kukaa tu, ndipo mtu hupata ujasiri wa kumvuta muuguzi pembeni akasema, "Nyumbani kwangu kuna jambo." Msiikate hata mkiwa mmechelewa.

Kuna swali moja ambalo waandaaji wengi hawajiulizi. Anayeuguza akija, mgonjwa amemwachia nani? Watu mnaowalenga kuliko wote ndio wasioweza kutoka nyumbani. Tengeni chumba cha kukaa na wenye demensia wasiotaka kuketi ukumbini, chenye wasaidizi waliofundishwa, mmoja kwa watu watatu, na kazi za mikono za kweli: kukunja vitambaa, kupanga vifungo, kuimba nyimbo wanazozijua. Mkitangaza kwamba chumba hicho kipo, mahudhurio ya wanaouguza hubadilika.

Sasa vipimo. Hapa najua sitapendwa na wote.

Msipime kumbukumbu za watu uwanjani. Msifanye hivyo hata kama mmepewa karatasi nzuri za kupimia. Kwa nini? Kipimo kifupi cha kumbukumbu hutaka utulivu, na uwanjani hakuna utulivu. Hutegemea elimu na lugha, kwa hiyo asiyesoma huonekana mgonjwa, na msomi aliyeanza kuugua huonekana mzima. Aliyelala vibaya, asiyesikia vizuri, asiye na miwani yake, wote hao huanguka. Halafu matokeo yanatolewa wapi? Mbele ya majirani. Mtu anarudi nyumbani na neno zito ambalo hakuna daktari aliyelithibitisha. Anayehofia kumbukumbu yake apewe miadi, aende na mtu anayeishi naye, kwa sababu simulizi ya anayeishi naye ni nusu ya uchunguzi.

Kipimeni kinachopimika vizuri uwanjani: presha. Ripoti ya tume ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 ambayo, yakidhibitiwa katika maisha yote, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya demensia duniani. Presha ya kuanzia umri wa kati imo. Kisukari, sigara na pombe nyingi vimo. Uzito uliopindukia na kutofanya mazoezi vimo. Imo lehemu mbaya, yaani kolesteroli, yamo majeraha ya kichwa na sonona, imo hewa chafu, umo upweke, na umo upungufu wa elimu utotoni. Yamo pia masikio yasiyosikia na macho yasiyoona ambayo hayakutibiwa, na haya mawili karibu hakuna mkusanyiko unaoyataja. Ila mwelezeni msikilizaji vizuri: hesabu hiyo ni ya jamii nzima. Haimaanishi kwamba aliyeugua alijitakia. Wapo walioishi kwa uangalifu wote na ugonjwa ukawafika.

Presha nayo ina utaratibu wake, na ikikosewa ni bora isingepimwa. Mtu akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Asiongee, na awe amekwenda haja ndogo. Kitambaa cha kipimo kilingane na unene wa mkono, maana kikiwa kidogo namba hupanda kwa uongo. Pimeni mara mbili, dakika moja au mbili katikati. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, msiseme "una presha". Semeni "rudia kupima siku nyingine kituoni," na muandikie namba na tarehe kwenye kadi. Ikifika 180 kwa 120, apumzike kisha apimwe tena. Ikibaki juu hivyo, aonwe na mtaalamu siku hiyo. Na kama kifua kinauma, kichwa kinauma sana, anaona giza au upande mmoja wa mwili umelegea, ni hospitali mara moja.

Kuhusu dawa nitapita haraka. Hakuna dawa inayoponya Alzheimer. Zipo donepezili, rivastigmini, galantamini na memantini zinazopunguza dalili kwa baadhi ya watu, na zipo mpya za kudungwa mshipani zinazopunguza kasi ya ugonjwa kidogo katika hatua za mwanzo, zikihitaji picha za ubongo mara kwa mara kwa sababu huweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu kichwani. Mfanyabiashara akija kuwalipia mahema ili apewe meza ya kuuza dawa ya kurudisha kumbukumbu, mkataeni. Kaeni juani, lakini mkataeni.

Nimalizie na zoezi, na ile kesho niliyoianza nayo.

Katika mji wa Omuta, Japani, wakazi hufanya zoezi la kumtafuta mtu aliyepotea. Mtu mmoja anaigiza mwenye demensia, anatembea mitaani, taarifa inasambazwa, na watu, watoto wa shule wakiwemo, wanajifunza kumwona, kumkaribia na kuzungumza naye. Kwa nini wanafanya mazoezi badala ya kuambiwa tu? Kwa sababu kilicho kigumu zaidi ni kumsemesha mtu usiyemjua. Wengi humwona, wakasita, wakapita.

Hili mnaweza kulifanya kwenye kila mkusanyiko, kwa dakika ishirini. Karibia kutoka mbele, si nyuma. Mtu mmoja tu aende, wengine wakae mbali, kwa sababu kuzungukwa kunatisha. Simama hatua mbili kutoka kwake, taja jina lako, sema polepole. Uliza swali moja, subiri jibu. Akisema anakwenda kazini, na unaona wazi alishastaafu zamani, usimsahihishe; mwambie, "Nami naelekea huko, tutembee pamoja," huku mwenzako akipiga simu. Usimshike mkono kabla hajakupa.

Na kila nyumba iliyo na mtu mwenye demensia iondoke na karatasi moja iliyojazwa palepale, mkiwasaidia kuijaza. Picha ya karibuni. Jina analoliitikia, ambalo huenda si lile la kwenye kitambulisho. Urefu, alama mwilini, dawa anazotumia. Namba mbili za simu. Na muhimu kuliko yote, mahali alipowahi kuishi na kufanya kazi, kwa sababu mara nyingi huko ndiko miguu inakoelekea. Siku akikosekana, tafuteni kwanza ndani ya nyumba na uani, kila chumba, kisha toeni taarifa polisi mara moja. Msisubiri saa 24. Anayewaambia msubiri amekosea.

Kesho yake, basi. Wiki nne kabla ya mkusanyiko, nendeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu mkaulize: tukiwaletea watu, nani atawapokea, siku gani? Kama hakuna jibu, ahirisheni mkusanyiko hadi lipatikane. Siku yenyewe, anayehitaji msaada aondoke na kadi yenye jina la kituo, siku na saa. Ndani ya siku saba mtu mmoja, yule yule aliyezungumza naye, ampigie simu: ulifika? Kilichokuzuia ni nini? Na kundi la wanaouguza likutane mwezi huo huo, si baada ya mwaka, na tarehe yake itangazwe mkusanyiko ukiwa bado umejaa.

Mkitaka kujua kama watu wameelewa, msiwaambie wanyanyue mikono, maana kila mtu hutazama jirani yake kwanza. Wekeni makopo mawili mlangoni, moja la ndiyo na moja la hapana, na kila anayeingia apewe kokoto moja. Swali ni lile lile la shirika lile: je, demensia ni sehemu ya kawaida ya uzee? Wakitoka, wapeni kokoto nyingine na makopo mengine mawili. Hesabuni jioni. Kisha, baada ya miezi mitatu, rudini kituoni mkahesabu kadi zilizofika. Namba hizo mbili ziwe ukurasa wa kwanza wa ripoti yenu, picha za umati zifuate nyuma.

Nimeona makopo yetu pale mlangoni yana kokoto nyingi upande wa hapana, nami nimefurahi. Sasa naomba tusogeze viti kando, tusimame wawili wawili. Mmoja wenu amepotea na anakwenda kazini. Mwingine anamwona kutoka ng'ambo ya barabara. Anayeona, anza kutembea.